Mpwa wangu, hizo risasi usiziguse

  Najua nimekuwa kimya mno, na wengine mmeanza kuulizana kama mtu wenu kamezwa na barafu. Nipo jamani. Bado niko hapa hapa Aspudden, Stockholm, bado nalea wazee wa watu kwa zamu, leo asubuhi, kesho usiku. Ukimya ulitokana na msiba. Baba mkwe wangu alitutoka mwezi wa tatu. Wote mliopiga simu kutupa pole tunawashukuru sana, na mama watoto amesema niwafikishie salamu zake.

Leo nataka kujibu swali la mpwa wangu wa Tanga. Nalijibu mbele ya watu wote kwa sababu nina hakika si yeye peke yake mwenye swali hilo. Na kwa sababu nikimjibu kwa simu atasema "ndiyo mjomba, nimekuelewa" halafu afanye anavyotaka. Nyote mnamjua!

Mpwa wangu ananunua na kuuza vyuma chakavu. Wiki tatu zilizopita alinitumia picha kwenye simu: kopo la bati lililoliwa na kutu, na ndani yake risasi za bunduki, kama mia hivi, nyingine zimeota ukijani. Kijana mmoja alizifukua alipokuwa anachimba msingi wa nyumba. Mpwa akaandika: "Mjomba, wewe uliwahi kutuambia kuwa wazungu wa huko wanazifumua risasi na kutumia tena vitu vyake. Nielekeze wanavyofanya. Ganda ni brasi tupu, na kichwa kina risasi ya kuyeyusha, wavuvi wananunua kwa ajili ya nyavu."

Ni kweli niliwaambia. Nilipokuja likizo mara ya mwisho tulikaa barazani, nikawa napiga hadithi za ughaibuni, mojawapo ilikuwa hiyo. Mdomo huu! Tatizo ni kwamba nilisimulia nusu tu. Ile nusu ya pili nami nilikuwa siijui, nimeijua mwaka huu ndani ya nyumba ya marehemu. Basi kaeni niwasimulie.

Kwanza niwaeleze mambo ya hapa. Mkisikia Stockholm mnafikiria majumba, meli na mfalme. Lakini Msweden ni mtu wa porini. Mwezi wa kumi ukifika, Jumatatu ya pili, huku kusini mwa nchi unaanza msimu wa kuwinda älg. Huyo ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila ni mkubwa kuliko farasi, dume lina pembe kama makoleo mawili. Siku hiyo usishangae fundi wako wa bomba asipopokea simu. Yuko msituni na kundi lake. Anawinda mwalimu, anawinda dereva, anawinda na mama wa benki.

Lakini huwezi kuamka tu ukanunua bunduki. Tangu mwaka 1985 lazima mtu afaulu mtihani wa uwindaji: nadharia, wanyama, sheria, na kulenga shabaha. Kisha polisi wanatoa leseni ya kila bunduki peke yake. Bunduki inakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Na risasi huruhusiwi kuwa nazo ovyo, lazima uwe na leseni ya bunduki inayozitumia.

Sasa miongoni mwa wawindaji hao wapo wanaotengeneza risasi zao wenyewe nyumbani. Baba mkwe alikuwa mmoja wao. Sisi kwetu tunajua habari ya gobore, unashindilia baruti na vipande vya chuma kwa kupitia mdomo wa mtutu. Hawa wanashindilia pia, ila wanashindilia kwenye ganda. Risasi moja ina vitu vinne. Kuna ganda lenyewe la brasi. Kuna fataki, kile kidonge kidogo cha chini kinachogongwa na pini. Kuna baruti. Na kuna kichwa, yaani ile sehemu inayoruka kwenda kwa mnyama. Ukishapiga, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa, lakini ganda limebaki mkononi mwako. Na ganda ndicho kitu cha gharama. Basi wanalisafisha, wanalinyoosha kwenye kifaa cha mkono, wanatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Ganda moja linaweza kutumika mara kadhaa mpaka shingo yake ianze kupasuka.

Wanafanya hivyo kwa kubana matumizi, na wanafanya kwa sababu wanataka risasi inayokubaliana na bunduki yao. Baba mkwe alikuwa na bunduki ya aina ya Mauser inayotumia risasi ya milimita 6.5 kwa 55. Risasi hiyo iliingizwa jeshini Sweden na Norway mwaka 1894, na mpaka leo wanaitumia kuwindia. Kulikuwa na mizani ndogo kama ya sonara, na kwenye ganda moja alikuwa anatia baruti ya gramu tatu hivi. Nilikuwa nakaa naye huko chini ya nyumba jioni za baridi, yeye anapima, mimi nakunywa kahawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kiswahili alijua mawili tu, "karibu" na "pole pole", na hilo la pili ndilo alilolipenda.

Na kila alipomaliza boksi moja, alikata karatasi, akaandika tarehe, jina la baruti, uzito wake, aina ya kichwa na mara ngapi ganda limeshatumika. Karatasi akaibandika kwenye boksi, na hayo hayo akayaandika tena kwenye daftari. Mimi niliona ni uzee tu, mambo ya kujipa kazi. Nilisema moyoni, huyu mzee risasi si anazijua zote, anaandika za nini?

Haya. Baada ya mazishi mama mkwe akaniomba nisaidie kupanga vitu vya huko chini. Nyumba yao iko Enskede, kusini ya mji, na kule chini kuna vitu vya miaka hamsini. Mimi sina leseni ya bunduki, kwa hiyo risasi sikuzigusa. Tulimwita mzee jirani aliyekuwa akiwinda naye kundi moja, mwenye leseni ya bunduki ya aina ile ile. Nitamwita Mzee Jirani, jina lake halina haja hapa.

Mzee Jirani aliketi kwenye meza ya marehemu, akavua kofia kwanza, akakaa kimya kidogo. Kisha akaanza kutenga mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni risasi za kiwandani, ziko kwenye maboksi yake, nyingi zimetoka Norma, kiwanda kilichopo Åmotfors tangu 1902. Hizo akasema atawapa wenzake wa kundi wenye leseni. Fungu la pili ni zile za marehemu zenye karatasi. Fungu la tatu zisizo na karatasi.

Mimi nikadhani fungu la pili atakwenda kupigia. Jina lipo, uzito upo, bunduki yake ni ya aina hiyo hiyo. Akatikisa kichwa. Akasema hizi zilipimwa kwa ajili ya bunduki ya rafiki yangu, si yangu. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja ni kama ndugu wawili, chakula kinachomfaa huyu kinaweza kumdhuru yule. Mgandamizo ndani ya risasi ile inapolipuka unaweza kuzidi mgandamizo wa hewa ya kawaida mara 3,000. Tairi la gari dogo lina mara mbili hivi tu! Na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

Kwa hiyo akaanza kuzifumua. Ana kitu kama nyundo ya plastiki yenye uwazi, anaifungia risasi humo, anagonga kwenye gogo, kichwa kinachomoka kwa mshtuko wake chenyewe. Vichwa akaviweka kwenye bakuli moja. Maganda bakuli jingine. Na baruti akaimimina kwenye chombo cha pembeni, ya kwenda kuharibiwa. Nikamwuliza, mbona baruti unaitupa na jina lake limeandikwa? Akaniambia kitu ambacho tangu siku hiyo kimenikaa: ganda unaweza kuliangalia kwa macho ukajua limepasuka au halijapasuka. Kichwa unaweza kukipima. Lakini baruti ukiitazama haikwambii kitu. Zote ni punje nyeusinyeusi au za kijivu. Ya bastola inawaka haraka, ya bunduki kubwa inawaka taratibu. Ukikosea ukatia ile ya haraka mahali pa ile ya taratibu, bunduki inapasuka mikononi. Kwa hiyo yeye huamini baruti iliyo kwenye kopo lake la dukani tu, na ambayo kopo hilo amelifungua yeye.

Tukafika kwenye fungu la tatu, lile lisilo na karatasi. Maboksi manne.

Ndugu zangu, hapo ndipo moyo ulipopasuka. Kwa sababu tulipofungua daftari, tuliona maandishi ya marehemu yanaanza kutetemeka, mistari inakosa tarehe, halafu yanakoma kabisa kama miaka miwili kabla hajafa. Lakini mashine ilikuwa imetumika, hata vumbi halikuwepo. Mimi kazi yangu ni wazee wanaosahau. Naosha wazee waliosahau majina ya watoto wao, na wakishika sindano ya kufumia wanafuma kama jana. Mkono unakumbuka baada ya kichwa kusahau. Basi huyu mzee wetu aliendelea kushuka huko chini kushindilia risasi wakati kumbukumbu imeshaanza kuondoka, na sisi wote tuko juu tunaangalia televisheni, tunasema muacheni baba ajipumzishe na vitu vyake. Na mimi ambaye ndiyo kazi yangu sikuona. Hilo nalisema kwa aibu.

Mzee Jirani alifumua tatu za boksi moja akazipima. Ya kwanza ina baruti ya kawaida. Ya pili imezidi. Ya tatu haina baruti kabisa, ni ganda, fataki na kichwa. Mtu akisikia haina baruti atasema afadhali, hiyo haina madhara. Kumbe hiyo ndiyo mbaya mno! Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati ya mtutu, kikwame humo. Mpigaji anasikia "tip", anadhani imegoma, anatia nyingine anapiga. Mtutu umeziba. Malizieni wenyewe.

Baada ya hapo hakupima tena. Akasema zote hizi ni za kufumuliwa, baruti ya kuharibiwa, na maganda yake hayataki maana hajui yameshatumika mara ngapi, yatakwenda kwenye chuma chakavu yakishakuwa matupu na salama. Kazi hiyo ilimchukua jioni tatu. Alifanya peke yake, polepole, redio imezimwa.

Sasa mpwa wangu, umeona nusu uliyokuwa huijui? Hawa watu hawafumui risasi kwa sababu ni wajanja kuliko sisi. Wanafumua zile wanazojua historia yake. Wahenga wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye risasi naona tuongeze kidogo: bila daftari hupotea na mwenyewe.

Utasema hizo ni hadithi za Ulaya. Haya, turudi nyumbani, Tanga hiyo hiyo.

Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1915. Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamezibiwa bahari na meli za Kiingereza, hawapati kitu kutoka kwao. Mwezi wa nne mwaka huo ikaja meli yao iitwayo Rubens, imejifanya ni ya Denmark, imepewa jina la Kronborg, nahodha wake Carl Christiansen. Imebeba bunduki na risasi milioni kadhaa. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaifukuza mpaka Manza, kaskazini mwa mji wa Tanga, kule wengi wetu tulikokwenda kuvua tukiwa watoto. Meli ikapigwa, ikawaka moto, ikakaa kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakijua imekwisha. Haikuwa imekwisha. Sehemu kubwa ya mzigo ilitolewa majini.

Lakini risasi zilikuwa zimeingia maji ya chumvi. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, ameeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake alizochapisha baada ya vita. Risasi zilikuwa zinagoma, na kadiri siku zinavyokwenda zinazidi kuharibika. Basi ikabidi zifumuliwe, moja moja, baruti isafishwe, na fataki nyingine zibadilishwe. Kazi hiyo ilifanyika Moshi. Askari na wapagazi wote waliopatikana waliwekwa kufumua na kushindilia risasi, asubuhi mpaka jioni, kwa miezi. Hao walikuwa babu zetu. Kitabu cha jenerali hakina jina la hata mmoja wao aliyekaa kwenye kazi hiyo.

Sasa sikilizeni matokeo. Wakazitenga mafungu matatu, kama Mzee Jirani wa Enskede! Zile nzima ambazo hazikuharibika walizitunza kwa bunduki za rashasha peke yake. Zilizofumuliwa, zile ambazo kama ishirini katika kila mia zilikuwa zinagoma, ndizo walizopewa askari kwenda kupigania. Na zilizogoma zaidi ya hapo wakazifanyia mazoezi. Yaani fungu lililohesabiwa kuwa zuri lilikuwa linagoma moja katika kila tano.

Fikirieni hilo. Hizo zilikuwa risasi zinazojulikana zimetoka wapi, mpya, zimekaa majini muda mfupi tu, na wapo mafundi wa jeshi wanasimamia. Bado moja katika tano inagoma. Na walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wamebanwa, hawana njia nyingine. Wewe mpwa wangu umebanwa na nani? Kopo lako limekaa ardhini miaka mingapi? Lilikuwa la nani, la Mjerumani, la Mwingereza, la mwindaji, la jambazi? Hujui. Karatasi haipo, daftari halipo.

Najua kuna atakayesema hapa: wewe umeshakuwa mzungu, umesahau shida za nyumbani. Kilo ya brasi ni hela, mtoto anataka daftari la shule. Sijasahau. Nililipiwa ada kwa pesa ya nazi na chupa tupu, naijua thamani ya kitu kilichotupwa. Tena nasema wazi kwamba watu wa vyuma chakavu ni watu wa maana, wanasafisha miji yetu kuliko wanaolipwa kuisafisha. Sipingi kutumia tena kitu. Napinga kutumia tena kitu usichokijua. Hebu fanya hesabu ya mfanyabiashara: brasi ya risasi mia moja ni kilo moja na kidogo. Kilo moja na kidogo! Kwa vidole vyako kumi na macho mawili.

Na ile risasi ya kuyeyusha nayo nina neno. Lugha yetu imeita chuma na kinachopigwa kwa jina moja, risasi, na naona lugha imesema kweli, kwa maana zote mbili zinaua. Ukiiyeyusha uani kwenye sufuria, moshi na vumbi lake vinakaa kwenye nguo, kwenye udongo, vinaingia kwa watoto, na mtoto ndiye anayeumia zaidi kichwani. Waulizeni majirani zetu wa Owino Uhuru pale Mombasa. Walikaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, watoto wakaharibiwa damu na risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hela haimrudishii mtoto akili yake.

Halafu Dar es Salaam. Nani amesahau Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009? Nani amesahau Gongo la Mboto, usiku wa tarehe 16 Februari 2011? Maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka, mabomu yakarukia kwenye nyumba za watu, na kila mara walikufa watu zaidi ya ishirini. Nilikuwa hapa, nilikesha na simu, laini hazipatikani, sijui dada yangu yuko wapi. Asubuhi alipopokea nililia kama mtoto. Baada ya milipuko ile wananchi waliambiwa wakiona kitu cha chuma wasikiguse, watoe taarifa. Onyo hilo halikuwa la wiki ile tu. Chuma cha vita hakizeeki kikawa mpole. Kinazeeka kikawa hakitabiriki.

Hata hapa Stockholm wamejifunza kwa machungu. Karibu na kwangu kuna bonde zuri linaitwa Vinterviken, watu wanakwenda na watoto, kuna bustani na kahawa. Hapo ndipo Alfred Nobel, yule wa tuzo, alipopeleka kiwanda chake cha nitrogliserini. Alikipeleka huko kwa sababu tarehe 3 Septemba 1864 karakana yao ya Heleneborg, katikati ya mji, ililipuka ikaua watu watano, mmoja wao mdogo wake mwenyewe, Emil. Baadaye Nobel huyo huyo mwaka 1887 akaandikisha uvumbuzi wa aina mojawapo ya baruti isiyotoa moshi. Yaani hata aliyeivumbua alizika ndugu. Sisi wa nyundo na patasi tutajidai nini?

Basi mpwa wangu, na wengine wote wenye kopo kama hilo chini ya kitanda, maoni yangu ni haya. Usizifumue. Usizigonge, usizitie motoni, usizitupe chooni. Usizipakie kwenye kiroba ukazipeleka mwenyewe kwa pikipiki. Ziache hapo zilipo, zuia watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa na mwende pamoja polisi kutoa taarifa. Najua unaogopa kwamba ukienda polisi utaulizwa umezitoa wapi na pengine ulale ndani. Hofu hiyo siicheki, wengi wanayo, na ndiyo maana nasema usiende peke yako, nenda na mwenyekiti, na yule kijana aliyezifukua, na picha ulizopiga. Kumbuka kwamba kwa sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015, kuwa nazo bila kibali ni kosa. Kila siku unayolala nazo unaongeza maelezo ya kutoa.

Na serikali nayo niiambie kidogo, hata kama hawanisomi: mtu anayeleta taarifa ya risasi apokelewe kama aliyeleta mtoto aliyepotea, si kama mwizi. Ukimtisha mmoja leo, kesho kumi watazipeleka kwa wanaoyeyusha.

Sisi tuliobaki tuna la kujifunza pia. Muandike. Dawa ya panya iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, andika. Mafuta ya taa kwenye dumu la maji, andika. Na mzee wako akianza kuacha kuandika alichokuwa anaandika kila siku, usiseme ni uzee. Shuka huko chini ukaketi naye.

Daftari la baba mkwe nimepewa mimi, nimeliweka kabatini pamoja na pasi zetu. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa vizuri una tarehe, uzito, aina ya kichwa, na pembeni ameandika maneno mawili ya Kiswahili kwa herufi zake za kupinda: pole pole.

Mpwa, nasubiri simu yako uniambie mmeshakwenda. Nikipata habari hiyo, ile kilo moja ya brasi nitakulipa mimi, na ya juu yake ya chai. Wasalimieni wote, Ngamiani mpaka Muheza.

Mjomba wenu, Stockholm